Nyanya za kitalu nyumba zinapochanua na kukua isivyo kawaida: kutoka dalili hadi chanzo

Kichala cha maua kikigeuka tawi la majani, ua moja likivimba kama maua matatu yaliyoshonwa pamoja, au mche ukisimama bila ncha, wakulima wengi hukimbilia mbolea au dawa. Mara nyingi tatizo haliko kwenye mbolea wala kwa mdudu, na chanzo chake kimekwisha kupita. Umbo la ua la nyanya huamuliwa wiki tatu au zaidi kabla ua halijafunguka. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza upulize nini, uliza kwanza: sehemu hii iliyoharibika ilitengenezwa lini, na siku zile ndani ya kitalu hali ilikuwaje?

Hesabu vichala kwanza

Mwongozo huu unahusu zaidi nyanya ndefu, zile zinazopandishwa kwenye kamba. Mche wa nyanya hutoa majani 7 hadi 11, kisha ncha yake yenyewe hugeuka kuwa kichala cha kwanza. Kinachoonekana kama shina lililoendelea ni chipukizi lililotoka kwenye kwapa la jani la juu kabisa, likakisukuma kichala pembeni na kushika uongozi. Kuanzia hapo mpangilio ni majani matatu, kichala, majani matatu, kichala. Joto likiwa zuri, kichala kipya hufunguka kila baada ya siku 7 hadi 10.

Ukilielewa hilo, shina linakuwa kalenda. Ikiwa leo kinachochanua ni kichala cha sita, cha tatu kilichanua wiki tatu hadi nne hivi zilizopita. Weka kitambulisho kwenye mimea kumi iliyotawanyika kitaluni, andika kila wiki ni kichala cha ngapi kinachofunguka, na uandike joto la juu na la chini la kila siku. Bila daftari hilo utabaki kukisia.

Kuna vipindi vitatu vya kukumbuka. Wiki tatu au zaidi kabla ya ua kufunguka, mmea huamua idadi ya maua na umbo la sehemu zake. Baridi ya kipindi hiki ndiyo inayozaa maua yaliyoungana. Siku 7 hadi 15 kabla ya kufunguka, chavua hutengenezwa. Joto kali la siku hizo huiua hata kama ua litafunguka siku yenye hali nzuri kabisa. Siku ya kufunguka na mbili tatu zinazofuata ndizo za chavua kumwagika na tunda kushika, na hapo unyevu wa hewa na mtikisiko ndivyo vinavyotawala.

Kisha angalia dalili imesambaa vipi. Ikiwa kila mmea umeathirika kwenye kichala kilekile, ni tukio la hali ya hewa au kosa la siku fulani. Mmea mmoja mmoja uliotawanyika huashiria mbegu, virusi au fitoplazma (vijidudu jamii ya bakteria vinavyoishi ndani ya mmea). Kundi la mimea sehemu moja ni suala la mrija wa matone, mdudu au dawa iliyopeperushwa, na safu iliyo karibu na mlango au hita inakuonyesha yenyewe pa kwenda kutazama.

Ili ujue kisicho cha kawaida, uwe na kipimo cha kilicho cha kawaida. Shina la mmea wenye uwiano lina unene wa milimita 10 hadi 12 ukipima sentimita 15 chini ya ncha. Ua lililofunguka liko sentimita 15 hadi 20 chini ya ncha. Petali zina njano kali na hujikunja nyuma kabisa. Ncha ikiwa na rangi ya zambarau kidogo asubuhi, huo ni wingi wa sukari na hauna ubaya.

Maua yanaanguka

Okota maua yaliyoanguka uyatazame kabla ya lolote. Kwenye kikonyo cha kila ua kuna kifundo kidogo. Ua lililokatikia hapo, kifundo kikiwa kimepauka njano, limeachwa na mmea wenyewe. Likiwa limetobolewa, limetafunwa au limekatika pasipo kwenye kifundo, tafuta viwavi na wadudu wengine.

Kwa maua yaliyoachwa na mmea, jaribio rahisi la kutenganisha vyanzo ni hili. Saa nne hadi saa nane mchana, shika karatasi nyeusi chini ya ua lililofunguka vizuri, kisha ligonge kwa kidole. Unga wa njano ukianguka, chavua ipo, na pengine kinachokosekana ni mtikisiko. Usipoanguka, chuma maua matano, yaweke mahali pakavu penye joto la kawaida kwa saa moja hivi, ujaribu tena. Yakimwaga sasa, hewa ya kitalu ilikuwa na unyevu mwingi na chavua iliganda ndani. Yakikataa bado, chavua iliharibika wakati wa kutengenezwa, hivyo rudi kwenye daftari siku 7 hadi 15 nyuma.

Utakachokitafuta humo ni mchana uliozidi nyuzi 32 za Selsiasi, usiku uliozidi nyuzi 21 hadi 24, au usiku ulioshuka chini ya nyuzi 13. Nyanya hupenda mchana wa nyuzi 21 hadi 27 na usiku wa 16 hadi 18. Usiku wa moto hudharauliwa sana, ilhali ndio unaomaliza sukari ambayo ua lingeitumia. Hakikisha pia kipimajoto kinasema kweli: kining'inizwe usawa wa maua, kwenye kivuli, hewa ikipita. Kilichobandikwa kwenye nguzo juani hakina maana, na kilicho karibu na ardhi kitakudanganya kwa upande mwingine.

Kwa joto, fungua madirisha mapema kabla kitalu hakijapata moto, si baada yake. Tandaza neti ya kivuli cha asilimia 30 hadi 40 kwa saa za jua kali tu. Kivuli cha kutwa nzima kitaondoa tatizo moja na kuleta lingine. Acha madirisha ya juu wazi usiku. Kwa baridi, funga mapema kabla jua halijatua ili joto la mchana libaki ndani, na ziba matundu ya pembeni. Katika hali zote mbili usiongeze naitrojeni eti kuutia mmea nguvu, maana majani yatazidi kulipora ua.

Kwa unyevu, lenga asilimia 60 hadi 75 wakati wa kuchavusha. Ukizidi 80 chavua hugandana. Ukishuka chini ya 50 hainati kwenye stigma, yaani ncha ya sehemu ya kike ya ua inayopokea chavua. Hewa ikiwa kavu mno, mwagia maji kwenye njia asubuhi. Ikiwa nzito, pasha joto kidogo huku ukiacha upenyo juu; kupasha joto kitalu kilichofungwa kabisa hakuutoi mvuke nje.

Na mtikisiko: ua la nyanya lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja na hujichavusha, lakini chavua hutoka kwa ua kutetemeka. Shambani upepo hufanya kazi hiyo. Ndani ya kitalu, gonga waya wa juu au tetemesha kila kichala kwa kifaa cha kutetema, angalau kila baada ya siku moja, maua yakiwa makavu. Unapotumia nyuki wakubwa wenye manyoya wanaofugwa kwa uchavushaji, tazama koni ya anthera, yaani mrija wa njano katikati ya ua: alama ya kahawia ni meno ya nyuki aliyeshika ua. Maua yaliyofunguka yasipokuwa na alama, nyuki hawafanyi kazi. Yote yakiwa yamechubuka hadi kuwa meusi, nyuki wamezidi maua yaliyopo.

Kuna chanzo kimoja ambacho watu wengi hawakifikirii: gesi ya ethilini kutoka kwenye hita inayochoma mafuta au gesi vibaya. Maua na vitumba huanguka kwa wingi ndani ya siku chache, na vikonyo vya majani huinamia chini ilhali jani lenyewe halijanyauka na udongo una maji. Dalili huwa kali zaidi karibu na hita. Mwali wa njano badala ya buluu, masizi, au bomba la moshi lenye ufa vinatosha kuzima hita hiyo mpaka itengenezwe. Moshi wa namna hiyo una pia hewa ya sumu inayoua watu, kwa hiyo usilichukulie kuwa suala la mimea peke yake.

Ikiwa kinachoanguka ni kichala cha kwanza tu, tena kikiwa bado vitumba, angalia kitalu cha miche. Miche iliyobanana, mwanga ukiwa hafifu na joto likiwa juu, hukosa sukari ya kulisha majani na maua kwa pamoja, nayo huchagua majani. Toa nafasi kati ya miche mara majani yanapoanza kugusana.

Ua limefunguka lakini halipo sawa

Stigma iliyochomoza nje ya koni ya anthera ni kasoro ya kipimo: shingo yake imerefuka kupita chavua inapomwagikia, ndani ya koni. Joto kali pamoja na mwanga hafifu ndivyo vinavyoirefusha, na aina nyingine za mbegu zina tabia hiyo kuliko nyingine. Kutikisa hakusaidii sana maua hayo. Rekebisha joto na mwanga kwa ajili ya vichala vinavyofuata.

Ua la njano iliyopauka ambalo petali zake zimenata na hazirudi nyuma linaonyesha mmea ulioelemea kwenye majani, au hewa nzito ya asubuhi. Mara nyingi utakuta tunda linalotokana nalo ni dogo, gumu, lisilo na mbegu, limeketi kichalani miongoni mwa wenzake wakubwa. Vitunda hivyo havitakua. Vitoe ukiwa unapunguza matunda.

Kisha kuna ua nene, pana, lenye petali 10 au zaidi, kikonyo kilichobapa na stigma ndefu kama ukanda. Hayo ni maua yaliyoungana tangu yalipokuwa chembe kwenye ncha. Sababu kubwa ni usiku wa baridi, chini ya nyuzi 12 hivi, wiki tatu au zaidi zilizopita. Ndiyo maana kichala cha kwanza na cha pili huathirika zaidi, kwa kuwa vilitengenezwa mche ukiwa bado kwenye trei. Nyanya zenye matunda makubwa yenye mikunjo huwa nayo kwa asili. Tunda lake huja na makovu na mashimo upande wa chini, tena huchukua nafasi ya matunda mawili mazuri. Likate ua hilo mapema, likiwa bado kitumba ukiweza. Kutafuta kalsiamu au boroni kwa ajili yake ni kupoteza fedha.

Baridi hiyohiyo hukifanya kichala kigawanyike matawi mawili au matatu yenye maua mengi. Wengi hufurahi. Kichala cha namna hiyo hushika matunda mengi ambayo hayakui. Bakiza matunda 4 hadi 6 kwa nyanya kubwa, ukianza kutoa yale ya mwisho kabisa wa kichala.

Kichala kinachotoa majani au tawi

Hii ndiyo dalili inayowachanganya wengi zaidi. Kichala kimetoa maua manne au matano, kisha mwisho wake unaota jani, halafu tawi zima lenye ncha yake. Kwanza jiridhishe kwamba ni kichala kweli. Chipukizi la kawaida hutoka kwapani, pembeni ya kikonyo cha jani. Kichala cha nyanya hakitoki kwapani. Hutoka ubavuni mwa shina, kati ya jani na jani. Kwa hiyo tawi lenye maua kwanza na majani mbele yake, lililotokea shinani pasipo na kwapa, ni kichala kilichorudia ukuaji wa majani.

Kinatokea kwa sababu mwisho wa kichala una chembe changa zinazoweza kwenda njia yoyote. Mmea ukiwa na msukumo mkubwa wa majani, chembe hizo huendelea kama tawi. Msukumo huo hutokana na naitrojeni nyingi, maji mengi, baridi wakati kichala kinatengenezwa, mwanga hafifu, au matunda machache mno kwenye mmea wenye mizizi yenye nguvu. Miche iliyobebeshwa juu ya shina mama lenye nguvu huonyesha dalili hii mapema. Utaiona pia baada ya kukata ncha ya mmea mwishoni mwa msimu: nguvu iliyokosa pa kwenda hutokea kwenye vichala. Hiyo ya mwisho ni ya kutarajiwa.

Tawi hilo usilikuze kuwa shina la pili. Kikonyo cha kichala hakikuumbwa kubeba shina. Kitapinda na kukunjika, na matunda yake yatadumaa. Subiri liwe na urefu wa sentimita 2 hadi 5, likate kwa wembe safi mbele tu ya ua la mwisho, asubuhi ili jeraha likauke. Usilichomoe kwa kuvuta, unaweza kuondoka na kichala kizima. Jani moja dogo lisilo na ncha linaweza kubaki. Na usikiondoe kichala chenyewe: matunda yake ndiyo breki unayoihitaji.

Kichala kimoja cha namna hii kwa mmea si jambo la kubadilisha ratiba ya mbolea. Viwili au vitatu mfululizo kwenye mimea mingi, soma sehemu inayofuata.

Shina nene, majani yaliyosokotana juu

Shina likizidi milimita 13, majani ya juu yakawa ya kijani kilichokolea, manene, yaliyojiviringisha ndani kama makucha, na kichala kikawa mbali na ncha, mmea umeelemea kwenye majani. Wakati mwingine shina hupasuka kwa urefu na kuacha mwanya unaopitisha mwanga upande wa pili. Mwanya huo huwatisha watu, lakini ukuaji ukitulia shina la juu hurudi zima. Ukikuta pia ncha changa zinakufa na majani yanavunjika kama karatasi kavu, hapo ndipo pa kushuku upungufu wa boroni.

Unaurudisha mmea kwa kuupunguzia raha kidogo kidogo:

- Kwenye mfumo wa maji yenye virutubisho, pandisha EC (kipimo cha wingi wa chumvi za virutubisho ndani ya maji) kwa 0.2 hadi 0.3 kila baada ya siku chache, mfano kutoka 2.5 kuelekea 3.0 au 3.5 mS/cm, ukipima maji yanayotoka chini na si yale unayoingiza tu. Uwiano wa potasiamu kwa naitrojeni uwe 1.5 hadi 2 kwa 1.
- Kwenye udongo, simamisha mbolea ya naitrojeni siku 10 hadi 14, na hesabu samadi uliyoweka kabla ya kupanda. Mara nyingi jibu liko humo.
- Anza kumwagilia saa mbili baada ya jua kuchomoza, na acha saa mbili hadi nne kabla halijatua, ili mizizi ikaukiwe kidogo usiku.
- Ongeza tofauti ya joto kati ya mchana na usiku, usiku ukikaribia nyuzi 16.
- Acha kila tunda zuri libaki kichalani kwa sasa.

Usifanye yote siku moja. Badilisha mawili, subiri kichala kimoja kifunguke, upime tena unene wa shina. Mmea ulioshtuliwa kwa chumvi nyingi na ukame kwa pamoja utakupa kuoza kitako kwa matunda kabla haujakupa maua bora.

Kinyume chake, shina likiwa chini ya milimita 8 au 9, maua yakiwa karibu kabisa na ncha, na majani yakiwa mafupi, mmea umechoka kwa mzigo. Bakiza matunda 3 au 4 kwa kichala, ondoa kichala kilicho dhaifu kabisa, shusha EC kuelekea 2.0 hadi 2.5, ongeza maji, na punguza wastani wa joto la siku. Safisha nailoni ya paa. Vumbi hula mwanga mwingi kuliko inavyodhaniwa. Mmea uliokomaa ubaki na majani 14 hadi 18. Anayevua majani hadi yabaki manane ndiye anayeuchosha.

Shina jembamba lakini refu, lenye nafasi kubwa kati ya jani na jani, ni njaa ya mwanga yenye joto la usiku juu yake. Hapo mbolea haina kazi.

Ncha imetoweka

Mmea unafika kimo fulani, halafu juu hakuna kitu: jani la mwisho limesimama wima na katikati hamna ncha. Tenganisha hali tatu.

Ncha iliyopotea kabisa, bila kichala, ni mmea kipofu. Baridi kwenye trei, mdudu aliyekula ncha, mkono uliovunja ncha wakati wa kupogoa, au upungufu wa boroni au kalsiamu husababisha. Mche kipofu uliogunduliwa kwenye trei, wenye majani mawili manene yenye kijani kizito na hakuna chochote katikati, utupwe. Mmea uliokwisha kupanda kamba, chagua chipukizi la kwapani lenye nguvu lililo juu zaidi, lilee liwe kiongozi.

Shina lililoishia kwenye kichala ni hali nyingine. Tazama chini: ikiwa majani kati ya vichala yamepungua kutoka matatu kuwa mawili, kisha moja, kisha vichala viwili vikafuatana, hiyo ni aina fupi ya nyanya, na imefanya kilichomo kwenye mbegu yake. Ikiwa ni mimea yote, umepewa mbegu isiyofaa kamba. Ikiwa ni michache, mbegu zilichanganyika. Katika hali zote mbili bakiza chipukizi lililo chini tu ya kichala cha juu na uliache liendelee. Mkulima anayeng'oa kila chipukizi bila kutazama ncha kwanza ndiye anayebaki na mmea usio na pa kwenda.

Hali ya tatu ni ya miche ya kubebesha: juu kumedumaa, na chini kunachipua kwa kasi tawi lenye majani ya sura tofauti. Fuata tawi hilo mpaka linapotokea. Likitoka chini ya kovu la kubebeshea, ni shina mama, na matunda yake yatakuwa madogo yasiyouzika. Likate hadi mwisho. Kovu lenyewe liwe juu ya udongo daima, vinginevyo sehemu ya juu hutoa mizizi yake na kinga uliyoilipia inapotea.

Ncha iliyojipinda, majani kama nyuzi

Hapa makosa ya utambuzi ni ya gharama, kwa sababu vyanzo vitatu hufanana: dawa ya magugu, virusi na utitiri. Kimoja husubiriwa, kingine hung'olewa, cha tatu hupulizwa.

Dawa za magugu za jamii ya 2,4-D hufanya shina lijisokote, vikonyo vipinde chini, na mishipa ya majani mapya ikimbie sambamba kama upepeo. Athari hutokea kwa siku moja kwa mimea mingi, ikiwa kali zaidi upande wa dirisha upepo ulikotokea, au kwa kila mmea uliopulizwa kwa bomba lililowahi kubeba dawa hiyo. Bomba la dawa ya magugu lisiingie kitaluni hata likioshwa. Chanzo kilichojificha ni samadi: aminopairalidi na klopairalidi, ambazo pia ni dawa za magugu, hupita kwenye tumbo la mnyama na kubaki ndani ya samadi na hata mboji. Pima hivi: jaza vyungu vitatu udongo safi uliochanganywa na samadi nusu kwa nusu, na vitatu udongo huohuo mtupu, panda maharage au njegere, na tazama kwa wiki mbili hadi tatu. Majani yakijikunja kwenye samadi tu, usiitumie. Mmea ulioguswa kidogo hutoa majani mazuri baadaye. Ulioguswa sana haufai kusubiriwa.

Virusi huanza kwa mmea mmoja hapa na mwingine pale. Virusi vya mozaiki huacha mabaka ya kijani cheupe na kizito, na majani yanaweza kuwa membamba kama uzi. Vile vinavyobebwa kwa mikono na visu husambaa kufuata safu aliyopita mpogoaji. Virusi vya manjano vya kujikunja majani, vinavyoletwa na inzi weupe, hudumaza mmea, ncha husimama wima, kingo za majani huwa njano na kukunjika juu kama vikombe, na maua huanguka. Hakuna tiba. Ng'oa mmea, utie kwenye mfuko hapohapo ulipo, osha mikono kwa sabuni, na dumbukiza visu kwenye dawa ya madoa ya klorini, sehemu moja kwa tisa za maji. Kwa inzi weupe, neti ya meshi 50 kwenye madirisha na milango miwili ya kuingilia hufanya kazi kubwa kuliko dawa.

Utitiri mpana una urefu wa milimita 0.2 hivi, jicho halimwoni. Ncha huwa ngumu, nyembamba, iliyosinyaa, na upande wa chini wa majani machanga hung'aa rangi ya shaba. Tumia lenzi inayokuza mara 20 au zaidi, utafute mayai yenye vidoti vyeupe kwenye majani ya ncha. Salfa ya kuchanganya na maji humwondoa. Fuata kipimo cha kwenye lebo, usipulize joto likizidi nyuzi 30, wala ndani ya wiki mbili za kupuliza mafuta. Majani yaliyokwisha kuharibika hayatanyooka, kwa hiyo pima mafanikio kwa majani mapya baada ya wiki mbili au tatu, usirudie dawa kwa wasiwasi. Akianzia chini, shina likawa la kahawia iliyofifia na majani yakakauka kupanda juu, huyo ni utitiri mwingine, wa kutu, naye pia huogopa salfa.

Maua ya kijani yaliyovimba

Vitumba vikubwa kupita kiasi, vinavyotazama juu, sepali (vijani vya kijani vinavyofunika kitumba) zikiwa zimeungana kama kibuyu, petali za kijani au zisizoonekana, na shina limenenepa: hiyo ni fitoplazma, iletwayo na vidudu vidogo warukaji wanaofyonza utomvu. Tofauti yake na maua yaliyoungana kwa baridi ni kwamba hapa ua halipati njano yake na mmea mzima hubadilika kuanzia juu. Ng'oa, na fyeka magugu yanayozunguka kitalu, kwani ndiko vidudu hivyo hukaa.

Mambo ya kutazamwa kwa haraka

Vinundu vyeupe au mizizi midogo kwenye shina la chini huota kwa unyevu mwingi, au kwa sababu mizizi iliyo ardhini inakosa hewa. Chimba kidogo: mizizi ya kahawia yenye harufu mbaya ina maana ya kupunguza maji leo.

Chipukizi linaloota juu ya uti wa jani, si kwapani, ni nguvu iliyozidi. Likate kama yale mengine.

Majani ya chini yaliyojiviringisha kwa urefu, makavu kidogo kwa kushikwa lakini ya kijani, ilhali ncha ni nzuri, ni mmea unaopunguza upotevu wa maji baada ya kupogolewa sana au siku za jua kali. Maua na matunda hayaathiriki, na hakuna cha kupuliza.